Mundu Ndani ya Damu ya Nyumba Yetu

Kijana mmoja wa hapa jirani, anayesoma kemia chuo kikuu, alipita kunisalimia likizo hii. Alipomaliza shikamoo akakaa, akashika kichwa, akaniambia, "Bibi, protini zitaniua. Unakariri majina ya asidi amino, unakariri mnyororo unavyojikunja, unajibu mtihani, basi. Huku nyumbani zitanisaidia nini?"

Sikumjibu siku ile. Nilimpa chai na muhogo, nikamwuliza habari za mama yake. Swali lake lilikuwa dogo, lakini jibu nililonalo mimi haliishi kwa kikombe kimoja cha chai. Nimefanya kazi ya maabara hospitali hapa Korogwe mpaka nywele zikaisha weusi, na kazi yenyewe niliifuata kwa sababu ya mhadhara mmoja wa protini. Kwa hiyo naandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu nyote mnaoshika kichwa kama yeye.

Chuoni, miaka ile ya mwanzo ya sabini, alitufundisha mwalimu mmoja mwembamba tuliyempa jina la Dokta Waya. Vifaa vilikuwa haba, basi yeye alikuwa akikusanya nyaya za umeme zilizotupwa, anazikunja kwa koleo, anatundika sanamu ya protini mbele ya ubao. Mara nyingi ilianguka. Tukicheka, naye anacheka, anaiokota na kuendelea. Lakini alikuwa na maneno yake ambayo hakuruhusu yachekwe. "Umbo ndilo kazi," alikuwa akisema. "Protini ikikosea kujikunja, haiwezi kufanya kazi yake. Na kujikunja kwake kumeamuliwa tangu kwenye mpangilio wa mnyororo."

Sisi wasichana katika darasa lile tulikuwa wachache. Tulizoea kukaa mstari wa mbele, si kwa bidii tu, bali kwa sababu nyuma kulikuwa na vijana waliofikiri tumepotea njia ya kwenda darasa la ushoni.

Siku ya mhadhara ule ninaousema alifundisha himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kwenye damu. Akachora mnyororo. Akasema, mahali hapa, kwa watu wengi, pamekaa asidi amino inayopenda maji. Kwa wengine, pahali pale pale, imekaa nyingine inayoyakimbia maji. Ni hiyo moja tu. Mnyororo uliobaki wote ni sawasawa. Lakini ile moja, oksijeni ikipungua, inaifanya himoglobini ing'ang'anie mwenzake, na huyo naye amng'ang'anie mwingine, mpaka zinakuwa vijiti virefu ndani ya seli. Seli iliyokuwa ya mviringo inapinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Inaziba mishipa midogo. Inakufa mapema.

Kisha akaweka chaki chini akaeleza mtoto mwenye damu hiyo anavyokuwa. Akiwa mchanga, mikono na miguu inavimba. Macho yanakuwa ya manjano. Akikua, mifupa inamwuma mpaka analia bila machozi. Homa kidogo tu inamlaza. Wengi hawafiki utu uzima.

Nilikuwa naandika, mkono ukasimama. Alikuwa anamweleza kaka yangu Omari. Alikuwa anamweleza dada yangu Mwajabu. Wote wawili tulikuwa tumeshawazika. Na alikuwa anamweleza mdogo wangu Athumani, ambaye wakati ule alikuwa nyumbani, kijana wa miaka kumi na kitu, anaumwa.

Mhadhara ulipoisha wenzangu wakatoka, mimi nikabaki. Dokta Waya akaniuliza, "Zaina, kuna usichoelewa?"

Nikamwambia, "Nimeelewa, Dokta. Ndiyo maana nashindwa kuinuka."

Akavuta kiti akakaa. Nikamsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Usiwaambie kwa kuwa mimi nimesema. Wapime kwanza." Ushauri huo nimeushika maisha yangu yote ya kazi, na nanyi ushikeni.

Ni lazima sasa niwaeleze nyumba yetu. Baba yangu, Mzee Mbwana, ni Mzigua wa Handeni, lakini sisi tulizaliwa kambini, kwenye shamba la katani karibu na Korogwe, alikokuwa akifanya kazi chumba cha brashi, kunakosafishwa nyuzi. Bei ya katani ilipoanguka akapunguzwa kazi, tukahamia kijiji cha ujamaa upande wa Handeni. Baba alikuwa na dada yake mmoja, Shangazi Hidaya. Huyu ndiye aliyetulea sisi mama akiwa shambani. Hakujaliwa mtoto, kwa hiyo sisi ndio tulikuwa watoto wake.

Omari alipofariki, alikuwa ametoka kula kwa Shangazi. Watu wakanong'ona. Mwajabu alipofuata, minong'ono ikawa maneno. Baba akaenda kwa mganga, na mganga akasema ni mtu wa upande wa baba, mwanamke, asiye na mtoto. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja.

Nilikuwepo asubuhi Shangazi alipoondoka. Baba alisimama mlangoni akasema, "Dada, nimebakiwa na wawili. Niachie hao." Shangazi hakubishana. Alichukua kanga zake na chungu chake kimoja, akapanda milimani, Bungu, akaomba shamba la kulima maharage kwa watu asiowajua, na msimu wa chai akawa anateremka Dindira kuchuma. Jina lake likawa halitajwi tena nyumbani.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani likizo ndefu ilipofika. Niliomba kufanya mazoezi ya kazi katika maabara ya hospitali, na aliyenipokea ni mkuu wa maabara, Bwana Joakimu, mtoto wa manamba, wale vibarua wa mkataba waliokuja kukata mkonge kutoka kusini. Alikuwa mtu wa maneno machache na koti lililonyooshwa. Siku ya kwanza alinifundisha kutoboa kidole. "Pembeni, mama, si katikati. Katikati ndipo mtu anaposhikia jembe lake. Ukimtoboa hapo, kesho hatarudi." Wale wanaofanya kazi ile leo nawaona wakitoboa katikati. Waulizeni nani kawafundisha.

Athumani nilimleta mwenyewe kwa basi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kidonda kifundoni kisichopona, na mdomo mwepesi wa mzaha. Njiani aliniambia, "Dada, kijijini wamenipa cheo. Mimi ni kupe." Enzi hizo kupe ni mtu anayekula jasho la wenzake. Kila mtu alitakiwa shamba la ujamaa kwa siku zilizopangwa, na Athumani alikuwa anakwenda siku moja, siku mbili zinazofuata analala. Mwenyekiti wa kijiji alimsimamisha mkutanoni, akasema kijana mwenye miguu miwili hana haki ya kukosa. Athumani alinieleza hayo akitabasamu, kisha akageukia dirisha mpaka Korogwe.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Unaweka tone la damu kwenye slaidi, unaongeza tone la dawa inayonyonya oksijeni, unafunika kwa kioo kidogo, unaziba pembeni kwa vaselini hewa isipite. Unasubiri. Halafu unatazama kwenye hadubini kama seli zimepinda.

Nilitazama. Seli zote zilikuwa za mviringo, nzuri kama sahani.

Nilikaa kwenye kigoda. Nilifikiri, basi Dokta Waya alimweleza mtoto mwingine. Basi mganga alikuwa na haki. Bwana Joakimu akaniona, akaja, akatazama, akachukua chupa ya dawa akainusa. Akaniletea puani. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Dawa hii ikiwa hai inakata pua kama kibiriti kilichowashwa. Hii imekufa kwenye chupa. Nani kaitengeneza, na lini, mimi sijui. Changanya nyingine."

Nikachanganya, nikarudia slaidi, nikasubiri. Nilipoinama tena kwenye hadubini, seli zilikuwa zimepinda, zimechongoka ncha mbili, zimelaliana. Nilimwita Athumani naye atazame. Aliweka jicho.

"Ndiyo hayo yanayonichoma?"

"Ndiyo hayo."

"Kwa hiyo si mvivu."

"Hujawahi kuwa mvivu, Athumani."

Aliendelea kutazama. Nilimwacha atazame mpaka aliposhiba.

Mama na baba walikuja hospitali siku ya gulio, baba akiwa hajui hasa anaitiwa nini. Nilikuwa nimewaambia ni damu ya Athumani, inabidi ilinganishwe na yao. Damu ya mama ikapinda. Damu ya baba ikapinda. Kipimo kile hakitofautishi mgonjwa na mtu aliyebeba tu, lakini wazee wangu walikuwa wazima, wenye nguvu zao, na hilo lilinitosha kujua. Kila mmoja wao alikuwa na mnyororo mzuri na mnyororo mbaya. Mtoto akipewa mibovu miwili, ndiye Omari. Mimi bahati iliniangukia vingine.

Sikujua nitaanzaje. Mkononi baba alikuwa na tasbihi. Nikamwomba.

"Baba, chukulia hii ndiyo protini. Punje zimepangwa, kila moja mahali pake. Sasa chukulia punje moja imetolewa, pamewekwa nyingine inayonata. Tasbihi bado ni tasbihi. Lakini ukiweka mbili, tatu pamoja mfukoni, zinashikana, huwezi kuzitoa." Nikamweleza na yale mengine: kwamba damu hii haitoki kwa jirani, haitoki kwenye chakula, haitupwi na mtu. Mtoto anazaliwa nayo. Inatoka kwa wazazi wote wawili, nao hawana kosa, kwa sababu wao pia walizaliwa nayo.

Mama ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo ni mimi niliyewapa."

"Ni mimi," baba akasema.

"Ni sisi," mama akasema.

Nilidhani baba ataniuliza kuhusu Athumani, au ataniambia wasomi tumekufuru. Aliinua tasbihi yake kwenye meza, akaitazama, akaiweka mfukoni. Akasema, "Dada yangu yuko wapi sasa?"

Wanangu, nimeshasoma majibu mengi ya maabara kwa sauti kwa watu wengi. Mengine yanaondoa hofu, mengine yanaileta. Lakini sijawahi kuona jibu likimbebesha mtu mzigo kama nilivyoona siku ile. Mpaka siku ile baba alikuwa na mtu wa kumlaumu. Nilimwondolea huyo mtu, na mahali pake hapakuwa na mwingine ila yeye mwenyewe na dada aliyemfukuza.

Tulipanda Bungu mimi na yeye. Lori lilitufikisha nusu ya njia, nusu nyingine tulitembea kwa ukungu. Tulimkuta Shangazi anapepeta maharage uani. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita. Alitutazama, akaweka ungo chini.

Baba alisema, "Shikamoo dada." Hakuwa amemwamkia hivyo tangu utotoni, maana walikuwa wamepishana kidogo tu.

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Basi karibuni. Kaeni, ukungu huu ni mbaya."

Baba alieleza yeye mwenyewe. Alikoseakosea, akasema damu inakuwa panga badala ya mundu, nami sikumrekebisha. Alipomaliza, Shangazi alikuwa anatenga maharage mabovu kwa vidole. Akaniuliza mimi, "Na mimi ninayo?"

"Sijui, Shangazi. Tukikupima tutajua."

"Haina haja. Sikuzaa." Akatupa harage moja bovu. Kisha akamgeukia baba. "Kaka, nilimwosha Omari kila siku tangu anazaliwa. Ulijua hivyo, na bado uliamini maneno yao. Umekuja kunieleza mambo ya damu, nimekusikia. Lile jingine nitalibeba tu. Sina pa kulitua leo."

Baba akasema, "Sikuombi ulitue."

Nadhani hilo ndilo neno sahihi kuliko yote aliyowahi kusema. Shangazi akainuka akatupikia.

Wakati wa kula akasema Athumani aletwe Bungu akae naye, kijijini watamwua kwa jembe. Nikamwambia haiwezekani. Baridi ni adui wa damu ile, na milima ile ina baridi ya kukata mifupa hata ya mzima. Anatakiwa joto, maji mengi ya kunywa, kinga ya malaria, vidonge vya kuongeza damu, na kupumzika mwili ukianza kuuma. Shangazi akauliza, "Nani atamwangalia hayo yote? Wewe uko chuo, mama yake yuko shamba." Akala mpaka mwisho, akanawa, akasema, "Nitateremka mimi."

Na aliteremka. Alirudi kuishi katikati ya watu waliomwita mchawi, kwa sababu mgonjwa hangeweza kupanda kwake. Wiki za kwanza wanawake walikuwa wanawavuta watoto wao akipita. Hakuwagombeza. Alichota maji, alimkanda Athumani viungo kwa kitambaa cha moto, alimhesabia vidonge.

Mimi na Bwana Joakimu tulikwenda kwa mwenyekiti. Bwana Joakimu alivaa lile koti lake. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kijiji kizima cha kulisha na mvua zisizoaminika, na aliogopa kwamba akimruhusu mmoja kulala, kesho atalala kila mtu. Alituuliza, "Mnataka niwaambie nini wanaolima?"

Bwana Joakimu akasema, "Waambie ni mgonjwa, na mpe kazi ya kukaa."

Ikatokea kwamba darasa la watu wazima halikuwa na mwalimu. Athumani akapewa. Mnajua, ule ulikuwa wakati ambao kila mzee alikuwa na daftari, jioni wanakaa kwenye matofali wanasoma kwa kufuatisha kidole. Athumani alikuwa mwalimu mkali mwenye utani. Waliomwita kupe wakawa wanamwita Mwalimu. Na mwanafunzi aliyekuwa anakaa mbele kabisa, akikosea kusoma anapigwa utani kuliko wote, ni Shangazi Hidaya.

Nilimaliza chuo, nikarudi kufanya kazi kwa Bwana Joakimu. Nilipata miaka kadhaa ya kuwa na mdogo wangu hai. Ningependa kuwaambia elimu ilimponya. Haikumponya. Wakati ule hatukuwa na dawa ya kupunguza makali yake kama mnazosikia leo, na hata hizo za leo zinahitaji mtu azifikie. Alifariki masika, baada ya homa iliyoanzia kifuani na kumaliza kila kitu kabla gari la hospitali halijapita tope. Alikuwa mtu mzima, na darasa zima lilikuja kumzika.

Pale msibani, wanaume wakiwa wamekaa kwenye mikeka wakingoja jeneza, nilisikia kutoka upande wa wanawake mmoja akisema yale yale ya zamani. Kwamba huyu naye ameondoka. Kwamba mwenyewe si amerudi? Hakutaja jina. Shangazi alikuwa jikoni, anapalia moto, na nilijua amesikia kwa sababu mkono wake ulisimama.

Baba naye alisikia. Alikuwa mzee sasa, anainuka kwa kushika kitu. Aliinuka. Hakupaza sauti.

"Sikilizeni," alisema. "Huyu mtoto hakuuawa na mtu. Ugonjwa wake umetoka kwangu, umetoka kwa mama yake. Nusu mimi, nusu yeye. Omari vilevile. Mwajabu vilevile. Tulikuwa hatujui. Dada yangu nilimfukuza kwa kosa la damu yangu mwenyewe, na yeye ndiye aliyerudi kumlea. Asiyeamini, binti yangu yuko hospitali Korogwe. Aende akatobolewe kidole."

Alikaa. Sheikh akasema tuswali. Tukamzika mdogo wangu.

Nilipokuwa mwanafunzi nilifikiri kazi ya elimu ni kumwambia mtu ukweli. Nikaja kujua kwamba niliowaambia mimi, kwa slaidi na hadubini, walinisikiliza kwa heshima wakaenda zao. Walioguswa ni waliomwona mzee akisimama kwenye msiba wa mwanawe akatamka kwamba ni yeye. Kwa hiyo kariri hayo majina, kijana wangu, na usiyakariri kwa ajili ya mtihani. Kuna mtu nyumbani kwenu anaweza kuwa amebebeshwa kosa ambalo liko kwenye punje moja ya mnyororo.

Baada ya arobaini nikarejea kazini. Asubuhi hiyo mwanamke kijana kutoka kijijini kwetu alikuwa amekaa nje ya maabara, amempakata mtoto mchanga aliyevimba viganja. Alikuwa na wifi yake, na sikuhitaji kuuliza nyumbani kwao walikuwa wameanza kutazamana vipi. Nilimpima mtoto. Nilimweleza taratibu. Alisikiliza, akamfunika mtoto vizuri, akaniuliza, "Dada, baba yake naye nimlete?"

"Mlete," nikamwambia. "Njooni pamoja."

Sikutegemea. Wanaume wa wakati ule hawakuwa wakija. Lakini juma lililofuata walikuwa pale, mume na mke, kwenye benchi moja. Nilipofungua mlango kuita jina, mume akainuka kwanza, akanyoosha kidole kitobolewe.